Kesi ya Upepo Siku ya Bajeti

Chifu wetu Phakiso alikaa Seneti miaka tisa bila kufungua kinywa, ukiondoa siku moja alipoomba dirisha lifungwe. Ombi hilo limo kwenye Hansadi, lile buku linalotunza kila neno linalotamkwa bungeni, na sisi watu wa Ha Nkhahle tulijivunia nalo sana, maana dirisha lilifungwa siku hiyohiyo. Wako wabunge wanaohutubia kutwa nzima na hawajawahi kufungiwa hata kabati.

Msidhani alikuwa hana maneno. Barazani kwake, Chifu Phakiso alikuwa na ulimi wa kumvua mtu blanketi. Tatizo lilikuwa malezi. Kwetu milimani, chifu husema wa mwisho. Kesi ikiletwa, anaanza mshtaki, anafuata mshtakiwa, mashahidi wanadanganya, wazee wanauliza maswali, mbwa wanabweka, na muda wote huo chifu amejifunga blanketi lake kimya, utadhani anawaza habari za farasi. Wote wakishachoka ndipo anakohoa. Watu wananyamaza. Anayakusanya yote yaliyosemwa, anahukumu, watu wanakwenda kunywa pombe. Anayetangulia kusema ni yule aliyeibiwa ng'ombe, au yule aliyepigwa na mkewe. Chifu akitangulia, ni kama ametoka nje bila suruali.

Sasa chukua machifu ishirini na wawili waliolelewa hivyo, waweke ndani ya ukumbi mmoja wenye viti vyekundu, uwaambie: haya, jadilianeni. Ndiyo Seneti yetu hiyo.

Mambo yalikuwa yakienda kwa sababu ya wale kumi na mmoja walioteuliwa, ambao si machifu: walimu wakuu wastaafu, kasisi mmoja, muuguzi mmoja mwenye sauti ya kuamsha wodi. Hao hawakuwa na haya. Walisimama wa kwanza, wakasifu, wakalaumu, wakakaa. Baada yao ndipo vilipoanza vita vya machifu, vita vya kusubiriana. Huyu anamtazama yule, yule anatazama dari, na kila mmoja anajiambia, "Acha hawa wadogo wamalize kwanza." Wale wenye roho nyepesi walikuwa wakishindwa, wanasimama wanasema. Chifu Phakiso hakushindwa hata mara moja. Alisubiri vizuri kuliko wote, akasubiri mpaka mwisho wenyewe ukampita, Spika akagonga nyundo, watu wakaenda kula.

Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa dereva wake. Miguu yangu ina vidole saba. Vitatu vilibaki mgodini ng'ambo ya mpaka, na mgodi ukanipa pole pamoja na koti la mvua lisilonitosha. Tangu siku hiyo sijawahi kukataa kazi ya kukaa. Nilikuwa namfikisha chifu bungeni, naegesha pikapu, kisha napanda kwenye roshani ya wageni, ambako kuna joto na viti laini, na hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini.

Mwaka ninaousimulia, mwezi wa kwanza, upepo ulishuka ukang'oa paa la banda letu la kunyolea kondoo. Paa zima. Mabati yalitawanyika bondeni kama karata za mlevi. Moja lilikutwa juu ya kanisa, na mchungaji akasema hilo limetoka kwa Mungu, halirudi.

Banda bila paa ni zizi tu. Kondoo aliyelowa hanyoleki, na sufu iliyolowa huozea ndani ya robota. Mnunuzi akiinusa mara moja, anapanda gari lake anaondoka. Na kwetu sufu ndiyo ada ya shule, ndiyo unga, ndiyo mahari. Kipindi cha kunyoa kilikuwa kinakuja na mvua zake.

Upande wa magharibi, nyuma ya kilima, lilikuwako banda lenye paa zima linalong'aa. Lilikuwa la Chifu Malimpho, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye ulimi wa pilipili. Naye alikuwa seneta, na kiti chake kilikuwa ubavuni mwa kiti cha Chifu Phakiso. Akatuletea salamu: "Waambieni watu wa Ha Nkhahle waje na kondoo wao, nafasi ninayo. Marobota yao nitayapigia muhuri wangu, wala wasijisumbue."

Hapo ndipo wazee walipoitisha baraza. Maana watu wakishazoea muhuri wa chifu mwingine kwenye sufu yao, kesho wanampelekea kesi zao, keshokutwa wanampelekea salamu za mwaka mpya, na chifu wako anabaki kuwa mzee mwenye blanketi zuri.

"Morena," mzee mmoja akamwambia Chifu Phakiso, kwa jina la heshima tunalomwitia chifu, "sisi tunakupenda. Lakini kondoo hawajui kupenda, wanajua mvua tu. Paa lisiporudi kabla ya kunyoa, tunavuka kilima."

Chifu akaenda kumwona Waziri wa Fedha, nami nikiwa mlangoni na kofia mkononi. Waziri alikuwa akitia saini makaratasi bila kuyatazama.

"Ntate," akasema, yaani baba, "maombi ninayopata ni mengi kuliko nywele zangu, na nywele zenyewe unaziona zilivyobaki. Jambo likisemwa ndani ya Seneti siku ya bajeti, sheria inanilazimisha kulijibu. Lisiposemwa, mimi silijui. Kaseme."

Wakati wa kurudi, tulipokwisha kupita vilima viwili, chifu akaniita.

"Makalo."

"Morena."

"Nitasema."

"Mungu mkubwa!"

"Nitasema wa mwisho."

Nikashika usukani kwa mikono miwili, maana korongo lilikuwa karibu.

Nyumbani tulimkuta Shangazi Mahlape, dada wa baba yake, aliyemlea chifu tangu anatambaa na aliyekuwa bado anamlea. Shangazi alikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na tangu mwaka uliopita redio ilikuwa ikirusha vikao vya Seneti moja kwa moja. Kila kikao alisikiliza, akiwa na wanawake wa kijiji, na kila kikao alimaliza kwa kusema, "Mnamsikia anavyonyamaza? Hivyo ndivyo anavyonyamaza chifu."

Safari hii alimshika ndevu. "Phakiso, paa tunalitaka. Lakini ukitangulia kusema mbele ya machifu wenzako kama mtu aliyeibiwa kuku, hapa usirudi. Kaa huko huko mjini, uze mahindi ya kuchoma."

"Nimesikia, Shangazi."

Siku ya bajeti ilifika na mvua. Tulipoingia nikashangaa kuona safu nzima ya viti haina watu. Nikamuuliza mhudumu wa mlangoni.

"Walioteuliwa? Walikwenda jana kukagua bwawa, wote kwa basi moja," akasema. "Mto umejaa, daraja dogo liko chini ya maji. Wamepiga simu wanasema wanakula samaki."

"Kwa hiyo leo kuna machifu tu?"

"Machifu watupu."

Moyo ukaniingia kwenye viatu, na viatu vyangu vina nafasi.

Roshani iko juu kidogo tu ya viti, ukiinama unasikia hata mtu akitafuna. Chifu Malimpho alikuwa anamenya peremende.

"Jirani," akamwambia Chifu Phakiso, "leo umekaa kama mtu aliyemeza jiwe."

"Nimejiandaa."

"Enhe! Dirisha gani safari hii?"

Spika akaingia, mwanasheria mstaafu mwenye sauti ya mtu anayetangaza mabasi. Akasoma jina refu la muswada wa matumizi ya serikali. Waziri wa Fedha akauwasilisha: barabara, hospitali, madeni, mishahara, vyote kwenye kitabu kizito cha kumwangushia nyoka. Akakaa. Spika akasema, "Mjadala uko wazi."

Kimya.

Chifu mmoja wa nyanda za chini akaanza kusoma pete yake. Mwingine akafuta miwani, akaivaa, akaivua, akaifuta tena. Chifu Lekena, mzee kuliko wote, alikuwa amefumba macho, na kwa Chifu Lekena huwezi kujua kama anatafakari au ameshafika mbali. Machifu wengine wote walikaa wima, wapole, kila mmoja akimngojea mdogo wake aanze. Na mdogo hakuwepo. Mdogo alikuwa ng'ambo ya mto anakula samaki.

Huko nyumbani, mke wangu Maneo alinisimulia baadaye, wanawake wamejaa kwa Shangazi Mahlape. Redio ikasema, "Mjadala uko wazi," kisha haikusema kitu.

"Betri zimekufa," akasema Shangazi.

Wakazitoa. Maneo akazisugua kwenye sketi. Mwingine akasema betri huamka zikipashwa moto, wakaziweka kando ya jiko. Shangazi akaziuma moja moja kwa meno yake mawili yaliyobaki. Wakazirudisha. Kimya. Shangazi akaipiga redio kofi moja la ubavuni, la aina aliyokuwa akimpiga Phakiso utotoni, mkanda wa mpira ukakatika na betri zikaviringika uvunguni mwa kitanda.

Ukumbini Spika alikuwa amekunja uso. "Narudia. Mjadala uko wazi. Kama hakuna mjumbe anayetaka kuchangia, nitawahoji mpige kura, na Waziri hatakuwa na la kujibu."

Waziri akaanza kufunga kitabu chake. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyeamka akaambiwa leo ni Jumapili.

Nikamwona Chifu Phakiso akimtazama yule Waziri, kisha akamtazama Chifu Malimpho, kisha akatazama dari, na dari la Seneti ni zuri, halina tundu hata moja. Nadhani ni dari lililomshinda. Akasimama. Lakini malezi ni malezi. Mwili ulisimama, kinywa kikatafuta pa kutokea.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "mimi sisemi."

"Umesimama, Mheshimiwa."

"Nimesimama kuuliza tu. Nauliza nani anaanza, ili baada yake..."

"Hilo ni swali, au ni mchango?"

"Si mchango. Mchango wangu uko mwishoni."

Spika akafungua kanuni, akapitisha kidole. "Mheshimiwa, kwa kanuni zetu mjumbe husema mara moja tu katika hoja moja. Ulipoanza, ulianza. Ukikaa, umemaliza."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Chifu Malimpho akafunika mdomo kwa blanketi, mabega yanacheza.

"Kaa, jirani," akanong'ona. "Kaa tu. Kondoo wako nitawatandikia majani makavu."

Angekaa, heshima yake ingebaki nusu, na nusu ya heshima inatosha kurudi nayo nyumbani. Hakukaa. Kisha akafanya jambo lililonifanya mimi, mtu wa vidole saba niliyezoea kucheka kila kitu, nisicheke. Alivua kofia. Kwetu, barazani, anayevua kofia mbele ya chifu ni yule aliyekuja kulia. Akatoka kwenye kiti chake, akasimama katikati ya ukumbi, penye zulia, mahali anaposimama mshtaki.

"Mimi ni Phakiso wa Ha Nkhahle," akasema kwa sauti ya kubembeleza ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nimesimama mbele yenu, wakubwa zangu. Nimekuja kushtaki."

Wale machifu wakaketi vizuri. Miwani ikavaliwa. Pete ikaachwa. Chifu Lekena akafumbua jicho moja.

"Unamshtaki nani?" akauliza chifu wa nyanda za chini, bila hata kukumbuka kwamba alikuwa anamngojea mtu aanze.

"Upepo."

"Umekufanyia nini?"

"Umeniibia paa."

Spika akainua nyundo. "Waheshimiwa, mbona..." Hakuna aliyemsikia. Chifu Phakiso akaeleza: siku ile, mawingu yale, mabati yalivyopiga kelele kabla ya kung'oka, wazee walivyoyakimbiza bondeni wakiwa na nguo za kulalia, bati la mchungaji, sufu ya mwaka jana iliyoozea humo bandani, kondoo watakaokuja kunyolewa na mvua ikiwa juu yao. Akamaliza, akainamisha kichwa. Akabaki amesimama, kama anavyobaki mshtaki.

Basi, mgeni angedhani hapo ndipo mjadala wa bajeti utakapoanza. Lakini machifu wale walikuwa wamefundishwa kazi moja tu tangu utoto: ukishaletewa shtaka, unalishughulikia mpaka liishe. Wakasimama mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa shtaka lililoletwa lilikuwa moja, wote walisema juu ya hilo moja. Barabara hakuna aliyezigusa. Hospitali zikapita zilivyo. Madeni ya taifa, ambayo wachumi walikesha nayo, hayakuulizwa hata hali.

"Paa lilikuwa na umri gani?" akauliza mmoja.

"Liliezekwa juzi juzi tu, Morena, na mkandarasi wa serikali."

"Kuna shahidi?"

"Banda lenyewe, Morena. Ukiingia unaona mbingu."

"Na upepo ulitoka upande gani?" akauliza mwingine, mzee mjanja wa kaskazini.

"Magharibi."

"Magharibi kuna nani?"

Chifu Phakiso alisita. Kisha akanyoosha kidole, pole pole, mpaka kikamfikia Chifu Malimpho.

Ukumbi ukaguna. Peremende ikamkwama mama wa watu.

"Hebu!" akaruka juu, blanketi likamdondoka begani. "Hebu, hebu, hebu! Upepo si mifugo yangu! Siufungi jioni wala siufungui asubuhi!"

"Lakini ulipita kwako," akasema yule mjanja wa kaskazini. "Ng'ombe wa mtu akipita kwenye eneo lako kwenda kula mahindi ya jirani, na wewe ukamwona, sheria inasemaje?"

"Sikumwona! Yaani sikuuona! Nani anauona upepo, Ntate, wewe unauona?"

"Paa lako halikung'oka. Inaonekana mnajuana."

Watu wakacheka mpaka wapiga chapa wa Hansadi wakasimamisha mashine. Chifu Malimpho akaona maji yamefika shingoni. Yeye aliyekuja kungoja neno la mwisho, sasa alikuwa mshtakiwa, na mshtakiwa husema wa pili. Akaweka mikono kiunoni.

"Sikilizeni, basi, niwaambie kwa nini langu halikung'oka. Langu aliliezeka marehemu mume wangu kwa mikono yake, kwa misumari mirefu, ikapita kwenye mbao ikakunjwa upande wa pili. Lile la jirani yangu niliwaona wakiliezeka. Nilikwenda mwenyewe kuchungulia, maana mimi ni mtu wa kuchungulia, nani asiyejua? Wakandarasi wa serikali wamekuja na misumari ya kupigilia picha ukutani! Upepo haukuiba, waheshimiwa. Upepo uliokota. Anayetaka kumjua mwizi amtazame aliyelipa mkandarasi yule!"

Na machifu wote, shingo ishirini na kitu, wakageuka kumtazama Waziri wa Fedha.

Waziri alikuwa tayari ameshika mkoba. Akauweka chini.

Walimfanyia kazi hadi jua likapungua. Mmoja alitaka mkandarasi atozwe faini ya dume la ng'ombe. Mwingine alitaka msumari mmoja uletwe uonekane. Mwingine, aliyekuwa hajasema Seneti tangu atawazwe, alieleza kwa kirefu jinsi paa la babu yake lilivyonusurika, na hatukuelewa lilihusiana vipi, lakini alifurahi sana. Wakamaliza wote. Ndipo Chifu Lekena alipokohoa.

Ukumbi ukanyamaza. Hata Spika akaweka nyundo chini.

"Paa lirudi," akasema mzee, macho yamefumba. "Lirudi kabla kondoo hawajanyolewa. Safari hii misumari ipite, ikunjwe. Mama huyu hana kosa, ila apunguze kuchungulia. Upepo nausamehe. Na mshtaki apewe chai, amesimama tangu asubuhi."

Waziri alisimama kujibu. Alikuwa na majibu ya barabara, ya hospitali, ya madeni, karatasi tele. Akazipekua zote, hazikuwa na neno msumari.

"Nimesikia," akasema. "Paa litarudi kabla ya kunyoa. Naahidi mbele ya ukumbi huu." Akapangusa upara. "Na misumari itakunjwa."

Bajeti ya taifa ikapita kwa sauti moja.

Njia nzima ya kurudi, chifu alikuwa amekumbatia kofia yake. Nilimwambia, "Morena, tumepata paa." Akasema, "Tumepata." Baada ya kona kadhaa akauliza, "Mahindi ya kuchoma, Makalo, mtu anahitaji leseni?"

Tulipofika, mlangoni kwa Shangazi Mahlape kulikuwa kumefungwa dume la ng'ombe, na wazee wamekaa wamejiinamia kama msibani. Shangazi akatoka mbio, akamshika chifu mashavu, akamgeuza huku na huku.

"Wamekupiga?"

"Nani, Shangazi?"

"Waliokukamata! Redio ilikufa, tukatafuta betri uvunguni, tukaziweka, nakusikia unasema, 'Nimesimama mbele yenu, wakubwa zangu.' Sauti ya mtu aliyefungwa! Halafu zikafa kabisa. Nikasema, basi, mwanangu ameiba kitu huko mjini. Nimeleta ng'ombe wa kukukomboa."

Chifu Phakiso akanitazama. Mimi nikatazama pikapu.

"Kwa hiyo hukusikia nani alianza?" akauliza.

"Kuanza nini? Umekula?"

Akaniomba, kwa jicho, nifunge mdomo. Nikaufunga, mtu anayekaa kwa mshahara hujua kufunga mdomo. Shangazi aliyapata mengine sokoni siku chache baadaye, kutoka kwa mtu mwenye betri nzuri, na inasemekana alitafuta fimbo. Lakini siku hiyo hiyo lori la mabati likawa linapanda kilima, na nyuma yake sanduku la misumari mirefu kama vidole vya kasisi. Shangazi akachukua msumari mmoja, akaujaribu kwa meno, akairudisha fimbo ukutani.

Kunyoa kulipoanza tulifanya sherehe ya kufungua banda. Yule dume wa kumkombolea chifu alikuwa amenenepa bure, akaingia chunguni. Machifu wa Seneti walikuja karibu wote, kila mmoja akisema amekuja kuhakikisha hukumu yake imetekelezwa. Wakapangwa kwenye viti chini ya paa jipya, kondoo wanalia upande mmoja, wanyoaji wameshika mikasi, nyama inanukia. Mshereheshaji akasema, "Sasa tunakaribisha hotuba."

Kimya.

Pete ikasomwa. Miwani ikafutwa. Chifu Lekena akafumba macho.

Chifu Malimpho, ambaye alikuwa amekuja mapema kuchungulia misumari, akamsukuma Chifu Phakiso kwa kiwiko. "Haya, jirani. Mshtaki huanza."

"Mimi nimeshasema," akajibu Chifu Phakiso, akijifunga blanketi vizuri. "Kanuni ni mara moja tu."

Tungekuwa tumekaa pale hadi leo, kama si mvua. Ilishuka ghafla, mvua ya matone makubwa, ikapiga yale mabati kwa kishindo ambacho hakuna koo la chifu linaloweza kushindana nacho. Nikamwona Chifu Malimpho amesimama, mikono inapaa, mdomo unakwenda. Nadhani alikuwa anatoa neno la mwisho. Yule mjanja wa kaskazini naye alisimama, akatoa lake. Halafu wote kwa pamoja. Hakusikika hata mmoja. Wanyoaji wakachoka kungoja, wakakamata kondoo wa kwanza, sufu ikaanza kudondoka sakafuni, nyeupe, kavu.

Chifu Phakiso hakusimama. Alisubiri. Kazi hiyo hakuna aliyemzidi. Alisubiri hotuba zote ziishe, mvua ikapungua, ikawa manyunyu, ikakatika, wenzake wote wakakaa wakihema. Ndipo alipokohoa.

Watu wakanyamaza. Nadhani hata kondoo.

Akainua macho kwenye paa, akalitazama kutoka pembe hii hadi pembe ile, bila haraka.

"Halivuji," akasema.

Watu wakaenda kula.